Taji la Asumini Usiku wa Mwandamo

Assalamu alaikum, jamaa zangu wa karibu na wa mbali.

Nawaandikia leo Ramadhani 29, alasiri imekwisha kuswaliwa, na mbele yangu pana sinia la vitumba vya asumini vilivyofunikwa kitambaa chenye majimaji. Mwezi bado haujulikani. Huenda kesho ikawa Idi, huenda tukakamilisha 30. Asumini haisubiri tangazo. Kitumba huchumwa jua likiwa bado lipo, kimefumba, cheupe, kimejaa. Ukichelewa hadi Magharibi utakuta kimeshafunguka mtini, na ua lililofunguka halivumilii sindano. Mwezi nao hauonekani ila jua likishatua. Basi kila anayetaka kuvaa asumini usiku wa Idi hana budi kuchuma kabla ya kujua kama Idi ipo.

Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane nilipolijua hilo kwa machozi. Bibi alikuwa na mwasumini uani kwake Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar, karibu na kisima, mkubwa hata matawi yake yalilalia ukuta wa jirani. Siku ile tulichuma mapema, akanitungia taji langu la kwanza la kichwa kizima. Miaka ya nyuma nilikuwa napewa kikuba tu cha kubandika kifuani. Tukakaa kuisikiliza redio. Mwezi haukuonekana. Nililia kwa sababu nilijua, hata kwa akili ya mtoto, kwamba maua yale hayafiki keshokutwa. Bibi hakunibembeleza kwa maneno mengi. Alinivalisha taji, akalisawazisha juu ya masikio, akasema, "Ua halijui hesabu, mjukuu wangu. Vaa." Nikaswali tarawehe nyumbani nyuma yake nikiwa na asumini kichwani chini ya ukaya, nikalala nalo, nikaamshwa daku nikalikuta juu ya mto wa kulalia limelala ubavu, limegeuka rangi ya waridi hafifu, na chumba kizima kinanukia. Sikumbuki nguo niliyovaa Idi yenyewe. Daku ile naikumbuka mpaka kipande cha muhogo nilichokula.

Tangu hapo sijawahi kuahirisha kuchuma.

Sasa naishi ghorofani Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mwasumini wangu uko kwenye debe dirishani. Watu huniuliza debe moja linatoaje maua ya mataji. Jibu ni kazi ya Shaaban, mwezi unaoitangulia Ramadhani. Asumini huchanulia kwenye vichipukizi vipya, si kwenye tawi kongwe. Kwa hiyo Shaaban ikiingia, naupogoa bila huruma, natia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, namwagilia kila asubuhi, naligeuza debe ili kila upande upate jua. Wiki sita au saba baadaye ndipo unapolipa. Mtu akija nyumbani siku za kupogoa hudhani nimeuua.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yetu yote na kurudi ilipoanzia kwa muda wa miaka 33 hivi. Anayetunza maua anaihisi safari hiyo kuliko mwingine yeyote. Nimewahi kupata Idi ya kipupwe, Julai na Agosti, mti umejikunja na vitumba ni vya kuhesabu. Nimepata Idi za masika, mvua inavipiga vitumba vinaoza kabla ya kukomaa. Nimepata za kaskazi, jua kali, na kama hukuacha kumwagilia, mti mweupe kama umemwagiwa mchele. Kila mwenye umri kama wangu amekwisha kuuzunguka mwaka mzima pamoja na Ramadhani angalau mara moja, na wazee wetu mara mbili. Nikiwaona wanawake wa miaka 70 wakitunga asumini, najua mikono ile imetunga katika kila hali ya hewa ambayo kisiwa hiki kinayo.

Kutunga. Nalipenda neno hili. Tunatunga asumini, tunatunga shanga, mvuvi anatunga samaki, na mshairi anatunga beti zake. Vyote ni kupitisha uzi mmoja katika vitu vilivyokuwa vimetawanyika. Kwa upande mwingine, neno "shada" limenitoka moyoni kidogo, kwa kuwa siku hizi ukilitaja watu wanaona kaburi na mstari wa viongozi wanaoweka maua. Nasema koja kwa lile la shingoni, na taji kwa hili la kichwani.

Kwa wanaotaka kujaribu usiku wa leo, nitaeleza ninavyofanya mimi. Msingi wa taji ni ukili, msuko wa majani ya mkindu, ule ule wa mikeka, lakini mwembamba, wa kindu nne tu. Ukindu urowekwe kwanza ulainike, usukwe, kisha upimwe kichwani na kuongezwa upana wa vidole viwili, maana maua yatakula nafasi kwa ndani, na taji linalobana linaumiza kichwa kabla ya Isha. Asiye na ukindu asokote utepe wa kanga kuukuu. Uzi uwe wa pamba, uloweshwe maji. Nailoni hukata vikonyo. Sindano iwe ndefu na nyembamba. Kitumba hakichomwi kichwani, kinachomwa kwenye kikonyo, pale chini tu ya uvimbe mweupe, kimoja kikiangalia kulia, kinachofuata kushoto, vikisukumwa vishikane. Kila baada ya vitumba thelathini au arubaini nafunga kijiti cha mrehani, kwa rangi ya kijani na kwa harufu yake kali inayoufanya utamu wa asumini usichoshe. Mtungo ukitosha, nauzungusha juu ya ukili na kuushikiza kwa uzi huo huo. Taji la mtu mzima linanimalizia vitumba kama mia mbili. La mtoto, nusu yake na kidogo.

Likishakamilika hufungwa ndani ya jani la mgomba na kuwekwa mahali penye ubaridi, si kwenye barafu. Wengine huzamisha kwenye maji. Msifanye hivyo, yatawageukia rangi kabla ya kuvaliwa. Na chetezo kitangulie. Nguo na nywele zifukizwe udi kwanza, moshi utulie, ndipo taji livaliwe. Moto na asumini havikai pamoja.

Mwaka huu mataji yetu yana ukili uliosukwa na shangazi yangu. Mumewe alifariki mwezi wa Rajab, na shangazi yuko edani, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Nilikuwa na hofu ya kumpelekea habari za maua. Nilidhani nitamtonesha. Jana alinitumia mtoto aniulize ukindu uko wapi. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, kindu zimekwisha kuchambuliwa. Akaniambia, "Asumini siwezi kuzishika mwaka huu. Ukindu hauna harufu." Amesuka kili saba, kwa ajili yetu sote na wajukuu, akazipima kwa kumbukumbu tu, bila kumwita mtu aje kupimwa kichwa. Nimezijaribu asubuhi ya leo. Hakuna hata moja iliyokosea.

Shangazi, najua utasomewa haya. Idi yako ipo, na sisi tutakuja kuipigia hodi mlangoni kwako.

Nimeulizwa na binti yangu kwa nini tujisumbue kwa kitu ambacho hatutatoka nacho nje. Ni swali la haki. Kwetu maua haya ni ya ndani. Mafunzo tuliyolelewa nayo yanamtaka mwanamke asipite njiani na harufu inayomtangulia, na bibi zetu hawakulichukua hilo kama katazo la uzuri, walilichukua kama mwongozo wa nani anastahili uzuri huo. Buibui ni la njia. Asumini ni ya watu waliokuona mwezi mzima umejaa masizi ya jikoni, macho mekundu kwa usingizi wa daku, sauti imekwisha kwa kuita watoto wakafuturu. Mume, mama, dada, wakwe, watoto wanaokufuata kila unapokwenda. Hao ndio wanaoona taji. Mwanangu wa kiume wa miaka mitano mwaka jana alinitazama nilipolivaa, akaja akaninusa kichwani, akarudi kucheza. Sijapata sifa iliyozidi hiyo.

Ua hili lenyewe ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Asili yake ni pande za Bara Hindi, jina tumelipata kwa Waajemi kupitia Waarabu. Majirani zetu Wahindi wanalitunga kwa nywele, Wafilipino wamelifanya ua lao la taifa tangu 1934. Sisi tumelitandika vitanda vya maharusi, tumelinyunyizia marashi katika maulidi, tumelifumba ndani ya vikuba pamoja na waridi na mkadi uliokatwa vipande vidogo vidogo. Ndugu zetu wa Komoro wana mlangilangi pia, na visiwa vyao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Nusu ya ukoo wa bibi ulitoka Ngazija, na yeye hakumaliza taji bila kutia angalau ua moja la langilangi upande wa kushoto. Mimi sina mti huo. Nafasi yake upande wa kushoto naiacha wazi, bila ua lolote, upana wa kidole. Watoto wanafikiri nimekosea kuhesabu.

Salamu zangu ziwafikie mlioko Muscat na Dubai, ambako najua asumini inamea vizuri na wengi wenu mna miti mikubwa kuliko debe langu. Ziwafikie mlioko Uingereza, Kanada na nchi za theluji, mnaoswali Idi katika kumbi za kukodi na kurudi kazini mchana. Asumini haistahimili baridi ya kugandisha, lakini kwenye chungu, ndani ya nyumba, dirisha lenye jua, inaishi. Kama huna asumini, tumia ulicho nacho: waridi dogo la dukani, mrehani wa kwenye kikopo, hata majani matupu. Kinachohitajika ni uzi, na kuanza kabla tangazo halijatoka. Ziwafikie walio peke yao usiku wa leo, wanafunzi mabwenini, wauguzi wa zamu, wafiwa, wagonjwa. Mtu anayeishi peke yake naye ana nyumba, na nyumba hiyo ina kichwa kimoja kinachostahili maua.

Kabla ya vyote, zaka ya fitri. Pishi ya mchele kwa kila mtu wa nyumba, takriban kilo mbili na nusu, ifike kwa mwenyewe kabla ya swala ya Idi. Yetu imekwisha kutoka tangu juzi. Binti yangu alipima mwenyewe, akahesabu watu kwa sauti, akamhesabu na mdogo wake aliyezaliwa Shaaban, ambaye hana hata meno. Shangazi ametengeneza ukili kwa kichwa hicho pia. Unaingia kwenye kiganja changu.

Ikiwa mwezi utaonekana leo, basi Idi Mubaraka, na Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na swala zetu za usiku. Ikiwa hautaonekana, basi tuna siku moja zaidi, na sisi hapa nyumbani tutakula daku na mataji kichwani. Vyovyote viwavyo, milango iko wazi. Bokoboko litakuwepo, visheti vimekwisha kukaangwa, na nitaweka kando vikuba vichache kwa watakaochelewa.

Sijamaliza. Nina taji la mama la kufunga, na la binti yangu linahitaji vitumba kumi na tano hivi. Tende ziko mezani, muadhini anajaribu kipaza sauti. Ninapokifunua kitambaa, naona vitumba viwili vya pembeni mwa sinia vimekwisha kuanza kufunguka.