Mkono wa Hori la Mwache Umezibwa: Wito wa Harambee kwa Wana wa Nyumbani

Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na shikamoo kwa wazee wetu wote.

Tunawaandikia wana na mabinti wa Mwache popote mlipo: Changamwe, Likoni, Nairobi, Maskati, Doha, na nyinyi mliovuka mbali zaidi. Tunajua mmechoka na michango. Mmetoa kwa mazishi, mmetoa kwa karo, mmetoa kwa matibabu, na jina la katibu likitokea kwenye simu mnajua kuna jambo. Kamati ilikaa ikajiuliza kama ni haki kuwabishia hodi tena. Tumebisha kwa sababu masika hayatungoji. Mfereji tulioanza kuuchimba kwenye mkono wa hori, yaani ule mlango wa bahari unaoingia nchi kavu, ili maji yarudi kwenye mikoko yetu, umefika nusu. Mvua za Aprili zikiukuta hivyo ulivyo, tope litashuka tena kutoka juu na jasho lote la akina mama na vijana litafukiwa.

Mlioondoka zamani hamlijui hori la leo. Nendeni maji yakipwa mtawakuta akina mama wawili wawili na tandilo, kile kitambaa cha kukokotea kamba, wamezama magotini. Wanakokota hatua chache, wanainua, wanachambua: majani yaliyooza, vipande vya plastiki, na kamba watano au sita wasiozidi kijiti cha kiberiti. Zamani kamba wa kadiri hiyo alirudishwa majini bila hata kufikiriwa. Sasa ndiye mboga ya usiku. Kuna mama ambaye wengi wenu mmekunywa uji nyumbani kwake mkitoka shule. Ana watoto watatu sekondari, na tangu kusi iishe hajapata kamba wa kutosha kuuza kilo moja. Yeye hakutuma mtu awaombe. Tunamtaja sisi, na tunaona haya kumtaja.

Lawama si ya huyo mama na tandilo lake. Kamba mkubwa hutaga nje, baharini kwenyewe. Vitoto vyake, vidogo mno, hubebwa na maji yanayojaa mpaka ndani ya hori, pale maji ya mto yanapochanganyika na ya chumvi. Humo hujificha kwenye mizizi ya mikoko ambako samaki wakubwa hawawezi kupenya, hula mabaki ya majani na vijidudu vya topeni, na baada ya miezi michache, wakishapata mwili, hutoka na maji ya kupwa kurudi bahari kuu. Tafi, mkizi na changu kadhaa nao hulelewa humo humo. Kwa hiyo mvuvi wa Likoni anayetega mbali kabisa na sisi anavua samaki waliokulia mlangoni kwetu. Mikoko ikifa hapa, nyavu zinakuwa nyepesi kule.

Na mikoko imekufa. Walio na umri wanaikumbuka mvua ya El Niño ya mwaka 1997 hadi 1998. Mto Mwache ulishuka na udongo wa Kinango na nchi yote ya juu iliyokwisha kukatwa miti, ukautua hapa mlangoni. Mkoko wenyewe hupumua kwa mizizi iliyo nje, na mchu, aina nyingine ya mikoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni. Tope likivifunika, mti unakosa hewa na kukauka umesimama. Eneo zima lilibaki magogo ya kijivu. Yaliyobaki mazima tukayapunguza wenyewe kwa boriti, fito na kuni, tusifichane. Watafiti waliopima misitu ya mikoko iliyozunguka Mombasa walikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 Mwache ilipoteza karibu asilimia 45 ya mikoko yake, na hori la Tudor karibu asilimia 87. Nyinyi mnaopita juu ya daraja la Mwache mkielekea Diani kwa barabara ya Dongo Kundu, siku moja punguzeni mwendo mtazame chini. Mtaona wenyewe pale kijani kinapokatika na uwanja mtupu unapoanza.

Mtatuuliza: mbona kila mwaka tunaona picha za watu wakipanda mikoko? Ni kweli, wamekuja wengi, na nia yao ilikuwa njema. Wamepanda asubuhi, wamepiga picha, wameondoka mchana. Lakini miche iliwekwa juu ya uwanja ambao tope limeuinua, mahali ambapo maji hayafiki ila siku za bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kawaida. Katikati ya bamvua moja na nyingine jua huikausha ardhi ile mpaka chumvi inatanda nyeupe juu yake. Hakuna mche wa mkoko unaostahimili hapo. Wazee wavuvi walilisema jambo hili tangu mwanzo, kwamba mkono wa hori uliokuwa ukipeleka maji kule ndani umezibika, na bila kuufungua tunapanda vijiti. Mwaka jana kamati iliamua kuwasikiliza.

Kijana wetu anayefanya kazi jimbo la Washington, Marekani, alipoisikia habari hii alitutumia ya kwao, na tuliisoma kwa sauti kwenye baraza. Kule wana samaki aitwaye salmoni. Huzaliwa mtoni, maji baridi, na akiwa bado mchanga hushuka kuelekea baharini. Lakini kabla ya kutoka hukaa kwanza kwenye vinamasi vya mlangoni mwa mto, akila na kuizoea chumvi kidogo kidogo. Mlangoni mwa mto Nisqually, mwaka 1904, mkulima alianza kujenga tuta refu kuizuia bahari ili apate shamba na malisho. Akapata malisho, na salmoni wachanga wakakosa pa kukulia kwa zaidi ya miaka 100. Watu wa kabila la Nisqually walianza kubomoa matuta upande wao, kisha mwaka 2009 tuta lile kubwa ndani ya hifadhi ya serikali likaondolewa, na bahari ikarudi kwenye ekari 762. Hakuna aliyeleta ndoo za samaki kuwamwaga mle. Maji yaliingia, majani ya kinamasi yakaota, wadudu wakaja, na salmoni wachanga wakaonekana ndani wakila. Mzee wao Billy Frank Jr., aliyekamatwa zaidi ya mara 50 katika maisha yake kwa kutetea haki ya watu wake kuvua, aliwahi kuliona hilo kabla ya kufariki mwaka 2014. Hifadhi hiyo leo ina jina lake.

Baraza lilinyamaza kidogo, halafu mzee mmoja akasema, basi na sisi tuanze na maji. Siku zilizofuata akina mama ndio waliokuwa wa kwanza kuingia topeni.

Wala si lazima twende hadi Marekani. Gazi hapo, wenzetu wa Mikoko Pamoja wameulinda na kuupanda msitu wao, na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na kuhifadhiwa na mikoko hiyo. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule zao. Vanga wakafuata. Ni Kwale hiyo hiyo, bahari ni hiyo hiyo. Tunaumia tukisikia wageni wakipelekwa Gazi kuonyeshwa mikoko huku sisi tukionyeshwa kama mfano wa kilichoharibika.

Kazi yenyewe iko hivi. Kipande cha mfereji kilichobaki ni kama mita 300. Kinachimbwa siku za maji mafu, wakati uwanja umebaki mkavu kwa siku kadhaa mfululizo, kisha bamvua ikija tunatazama maji yamefika wapi na yametoka vipi. Yakituama nyuma, tunarekebisha mteremko. Hapa Mombasa bahari hupanda na kushuka hadi karibu mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo nguvu ya kuusafisha mfereji ipo. Sisi tunaifungulia njia tu. Maji yakishazoea kuingia na kutoka, tutapanda miche 12,000 kwenye ekari 3 za mwanzo, aina tatu za mikoko: mlilana upande wa maji mengi, mkoko nyuma yake, mchu kule kwenye chumvi kali. Mingine itajiotea, kwa sababu mbegu zinazoelea zitakuwa na njia ya kufika. Na kwa kuwa msitu wa mikoko wote nchini ni wa serikali tangu mwaka 1932, hatugusi kitu bila ofisi ya misitu kujua. Hilo msiwe na wasiwasi nalo.

Hesabu ni shilingi 750,000. Vibarua 40 kwa siku 15, kila mmoja shilingi 600 kwa siku, ni 360,000. Na tuseme wazi kwamba vibarua hao ni hao hao akina mama na vijana waliokosa kitoweo, hatuajiri mtu wa nje. Kitalu na viriba 90,000. Mabeleshi, makarai, matoroli na gambuti 85,000, kwa sababu magogo yaliyozama topeni yanachana miguu na tayari tumempeleka kijana mmoja zahanati. Boti na mafuta 70,000. Mlinzi wa kitalu na miche kwa miezi 12, shilingi 8,000 kwa mwezi, ni 96,000. Mtaalamu wa kupima kimo cha ardhi 40,000. Dharura 9,000. Mkononi tuna 112,500, nyingi yake imetoka kwenye chama cha akina mama wanaouza viazi karai barabarani. Zimebaki 637,500.

Tunarudia, ili liingie: wauza viazi karai wametoa kabla ya wenye magari. Hatusemi kwa ubaya. Mlipoitwa kwa ajili ya paa la madrasa mlikuja, na mvua haijawahi kumlowesha mtoto mle tena. Mlipoitwa kwa darasa la chekechea mlitoa hadi viti vikazidi, vingine vikaenda kanisani. Hatujasahau, na ndiyo sababu tunathubutu. Lakini wengi wenu karo yenu ya darasa la kwanza hadi kidato cha nne ilitoka kwenye hori hili. Baba alitoka usiku na ngalawa, mama akabeba ndoo ya kamba kichwani mpaka Mazeras, na Jumatatu mlikuwa darasani. Hori halijawahi kuwatumia ujumbe kuwadai. Sasa limekwama, na walio karibu nalo hawana nguvu ya kulikwamua peke yao.

Imamu alilitaja Ijumaa, mchungaji akalitaja Jumapili, na wote wawili wameahidi kuwa uwanjani siku ya harambee. Kwa Waislamu wenzetu, kutoa kabla ya Ramadhani hakuhitaji kuelezwa. Kwa Wakristo, mnajua mlivyofundishwa kuhusu kazi ya mikono ya Mungu na nani aliyeachiwa kuitunza. Mwenyezi Mungu awazidishie palipopungua.

Kuhusu fedha: kila shilingi itaandikwa kwenye daftari, kila matumizi yatakuwa na risiti, watia sahihi ni watatu na mmoja wao ni mama, na taarifa kamili itasomwa barazani na kutumwa kwenye kundi kila mwisho wa mwezi. Majina ya waliochanga yatasomwa siku hiyo. Anayetaka jina lake lisisomwe aseme, tutaheshimu. Asiye na fedha aahidi kwa tarehe. Ahadi iliyotimizwa mwezi wa tatu bado itatufikia kabla ya mvua, ya mwezi wa tano haitausaidia mfereji. Shilingi 600 ni siku ya mtu mmoja topeni. Anayeweza kubeba siku 10 za mtu mmoja abebe, anayeweza moja abebe moja, na ndugu mnaoishi pamoja huko Ghuba mnaweza kuungana mkachukua mlinzi wa mwaka mzima, tutafurahi mno.

Msitume fedha kwa namba yoyote mtakayoiona ikizungushwa kwenye makundi. Mpeni mwakilishi wa eneo lenu mnayemjua kwa uso, naye atawapa risiti ya kamati. Mkiwa na shaka, pigieni wazee nyumbani muulize kwanza.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa tatu asubuhi. Hatutakodi hema wala kumlipa mshereheshaji. Kutakuwa na chai, mahamri na mbaazi vilivyopikwa na akina mama wenyewe, na baada ya hapo tutashuka sote mpaka kwenye mfereji mwone kazi ilipofika. Uchimbaji utaendelea Jumatatu yake, maji yatakuwa mafu. Mtakaoweza kubaki mjulishe kamati mapema ili chakula kitoshe, mje na nguo za tope, na mwenye beleshi nyumbani alibebe.