Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujachukua Funguo za Mustang

Columbus, Ohio

Mwanangu Zuhura,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi na mama yako hatujambo. Umeniomba gari nami nimeridhia: ukirudi mwezi wa tano utazikuta funguo za Mustang pale pale kwenye msumari, karibu na mlango wa gereji. Hata hivyo, nataka kwanza ujue nilichokibadilisha, na zaidi nilichokataa kukibadilisha, kwa sababu sina shaka rafiki zako watakushawishi ung'oe injini.

Ni gari la mwaka 1966, la milango miwili na paa gumu, lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani takriban lita 4.7. Wala si adimu: Ford walianza kuuza Mustang Aprili 1964, na katika mwaka wa kwanza waliuza zaidi ya 400,000, ndiyo maana spea zake hazinisumbui kuzipata.

Nilipolinunua lilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, yenye chumba kimoja tu cha mafuta hayo, kwa hiyo pakivuja mahali popote breki zote huondoka kwa pamoja. Hilo nililijua kwa kusoma, kisha nikalijua kwa mguu. Jioni moja, tukiteremka kuelekea kwenye taa za barabarani, pedali ilizama hadi sakafuni kana kwamba nimekanyaga uji. Nikarudisha gia, nikavuta mkono wa breki ulio chini ya dashibodi, na tukasimama tukiwa tumepita mstari kwa urefu wa gari zima. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele kulia ulikuwa umepasuka. Mama yako hakutamka neno mpaka tulipofika nyumbani. Wiki hiyo hiyo niliagiza masta silinda ya vyumba viwili, mtindo ambao Ford wenyewe waliuleta kwenye Mustang za 1967, pamoja na breki za diski za mbele, na fedha hizo nilizitoa bila kinyongo.

Mengine ni madogo. Pointi za distribyuta, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa kuwashia injini, nimeziondoa na kuweka kifaa cha elektroniki kinachokaa chini ya kifuniko kile kile. Mipira ya petroli nimeweka ya kisasa, kwa kuwa ethanoli iliyomo kwenye mafuta ya leo hula ile ya zamani. Na viti vya mbele nimevifungia mikanda ya mabega, maana kiwandani viliwekewa ya kiunoni tu. Injini sikuigusa. Ukiiongezea nguvu, giaboksi itaomba ibadilishwe, kisha ekseli ya nyuma, kisha rejeta, na mwishowe utakuwa na gari jingine lililovaa bodi ya hili.

Adui wake mkubwa ni kutu, tena ile isiyoonekana. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa. Majani makavu yakiingia humo maji hutuama, bati huliwa kwa ndani, na siku ya mvua dereva hulowa miguu. Mimi nimekwisha kuziba hapo mara moja, nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi siku mbili nzima, na sitamani kurudia. Tafadhali usiliegeshe chini ya mti wa jirani.

Vyote nilivyovitoa vimo kwenye boksi juu ya kabati: masta silinda ya zamani, ngoma mbili, pointi, na skrubu zake nimezitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Matundu mapya niliyotoboa ni mawili tu, ya mikanda ya mabega, nayo nimeyawekea bamba la chuma kwa nyuma.

Asubuhi ya kwanza, kanyaga pedali ya mafuta mara mbili kabla ya kuwasha, kisha liache lingurume dakika mbili tatu lipate moto. Jirani atachungulia dirishani, mpungie mkono.

Baba yako