Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayejifunza Kiitaliano

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeanza kujifunza Kiitaliano kwa ajili ya kazi yako ya hoteli huko Malindi, ambako Waitaliano ni wageni na wakazi wa miaka mingi. Nakuomba jambo moja: usikipitishe kwenye Kiingereza, kwani Kiswahili chako kitakufikisha upesi zaidi.

Chukua kitenzi "parlare", yaani kuzungumza. "Parlo" ni nazungumza, "parli" ni (wewe) wazungumza, "parliamo" ni twazungumza. Sisi humtaja mtenda mwanzoni mwa kitenzi, wao humtaja mwishoni. Kwa hiyo huna haja ya kutanguliza "io" katika kila sentensi, kama usivyosema "mimi" kila mara isipokuwa unapotaka kutia mkazo. Hali kadhalika, "ho fame" ni nina njaa, "ho vent'anni" ni nina miaka ishirini, na "ho sete" ni nina kiu (hiyo t usiikaze, maana "sette" ni saba). Anayefikiri kwa Kiingereza hapo husema "sono fame", yaani mimi ni njaa, na hilo ni kosa.

Kwa aliyelelewa na ngeli, jinsi mbili za Kiitaliano hazitishi. "La camera nuova" ni chumba kipya na "le camere nuove" ni vyumba vipya; lakini kitanda ni cha jinsi ya kiume, hivyo utasema "il letto nuovo". Kazi kubwa imo katika vile vineno vinavyotangulia nomino, ambavyo sisi hatuna. Jifunze kila nomino pamoja na chake, kwa kuwa mwisho wa nomino hudanganya: "la mano" (mkono) ni ya kike, na "il problema" (tatizo) ni ya kiume. Mwanzo wa nomino nao hubadili kineno chake, ndiyo maana sukari ni "lo zucchero".

Sentensi ninayoipenda kuliko zote ni "mi piace il caffè", kwa sababu ni kahawa yanipendeza hasa: kinachopendeza ndicho kinachotawala kitenzi, na vikiwa vingi utasema "mi piacciono i dolci", vitamutamu vyanipendeza.

Tena, mgeni usimwambie "come stai?" (u hali gani?) kama rika lako. Mwambie "come sta?", kwa kitenzi cha nafsi ya tatu, na ukimkaribisha kahawa sema "desidera un caffè?", hata kama yeye atakujibu kwa "tu", yaani "wewe" ya watu waliozoeana.

Ndimi dada yako.