Yah: Kufunguliwa Kifurushi Changu, Kuharibiwa Shoka na Kuitwa Panya Road Mbele ya Abiria

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Mabasi na Usafirishaji wa Vifurushi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa nimejizuia sana. Naomba barua hii uisome mwenyewe mpaka mwisho, usiisukumie dawati la huduma kwa wateja, maana huko nimeshafika na nimejibiwa kwa ujumbe wa simu kwamba "maoni yako tunayathamini". Mimi sikutoa maoni. Nimelalamika.

Masharti yaliyo nyuma ya risiti mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Mnajua ni nani mwenye ruhusa ya kufungua mzigo wa mteja, mbele ya nani na kwa sababu ipi. Mnajua pia kwamba mteja akishataja kilichomo, karani akakikagua, akakiandika na kupokea hela, mzigo huo uko mikononi mwenu na ninyi ndio wa kuulizwa. Boksi langu lilikaguliwa Moshi. Karani wenu alitoa kitu kimoja kimoja, akauliza, akajibiwa, akaandika kwa mkono wake: "Mashoka ya kurusha, visu vya kurusha, rungu. Kazi za mikono." Likafungwa kwa kamba za plastiki, likapigwa stika, nikalipa. Kama kulikuwa na kasoro, pale ndipo pa kusema.

Nilipofika kaunta yenu ya stendi ya Mbezi kuuchukua mzigo, boksi lilikuwa limeshapasuliwa. Visu vyangu vimetandazwa mezani kama nguo za mtumba. Msimamizi wa zamu alikuwa ameshika shoka, amelinyanyua juu, anawaonyesha abiria waliokuwa kwenye foleni ya tiketi. Nikatoa risiti, nikamwambia kwa upole, "Kijana wangu, mzigo huo ni wangu." Akanipima kwa macho toka juu mpaka chini, akapaza sauti: "Jamani, mwenye vifaa vya panya road huyu hapa!" Kisha akageuka akalirusha shoka langu ukutani. Ukuta wa zege, Ndugu Meneja.

Ninyi ni watu wa Dar es Salaam. Hamhitaji kuelezwa panya road ni nani, wala watu wa jiji hili wameumizwa kiasi gani na magenge yale ya mapanga. Na mnajua zaidi yangu kinachompata mtu anayenyooshewa kidole stendi kwa jina kama hilo. Mawe hayasubiri mtu aonyeshe risiti. Msimamizi wenu alinitamkia neno ambalo lingeweza kuniua, akalitamka huku anacheka.

Aliyeniokoa ni askari wa kituo. Alikuja kwa sababu ya kelele, akaomba risiti, akaisoma yote, akatazama vitu mezani, akamuuliza msimamizi wenu swali moja tu: "Sasa hapa kosa liko wapi?" Hakujibiwa. Hadi leo na mimi sijajibiwa.

Ninachodai si kikubwa: barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe, kurudishiwa nauli ya mzigo, na shilingi 150,000 za shoka lililoharibika, ndani ya siku 14.

Na kwa kuwa dada mmoja wa huduma kwa wateja aliniambia kwenye simu, "Lakini baba, si ni shoka tu, hata dukani yapo," itabidi nieleze shoka hilo ni nini, ili asiwepo wa kunirudishia jibu hilo mara ya pili.

Shoka la dukani ni la kupasulia kuni. Lina kichwa kizito, na ukilirusha linajigeuzia linavyotaka. La kurusha linatengenezwa lijizungushe mara moja hewani, kisha liingie kwenye mbao kwa makali, kutoka umbali wa futi 12. Kwa hiyo uzito wa kichwa na urefu wa mpini lazima vikubaliane. Chuma nilikipata kwa wauza chuma chakavu: kipande cha springi ya lori. Springi za namna ile zina kaboni ya kama asilimia 0.6, ndiyo maana zinakubali kukazwa, si kama nondo. Nilikifulia Mamba, jirani na Marangu, kwenye kiwanda cha wahunzi wa Kichaga ambao mababu zao ndio waliowafulia Wamaasai mikuki. Hao ndio walionifundisha kushika koleo kabla ya kuniruhusu kushika nyundo.

Kukikaza chuma hicho si kukitia moto tu. Nina sumaku niliyoifunga kwenye waya. Chuma kikiwa kwenye makaa naigusisha. Ikiacha kunata, joto limefika karibu nyuzi 770, naongeza moto kidogo tena, halafu nakichovya kwenye mafuta. Hapo kimekuwa kigumu lakini kikianguka kinaweza kupasuka. Nakisugua kwa msasa mpaka king'ae, nakirudisha kwenye joto la polepole na kutazama rangi zinavyotembea juu yake: manjano, kahawia, zambarau, bluu. Kisu cha jikoni ningekitoa kwenye manjano. Shoka la kurusha nalingojea mpaka bluu, maana nataka makali yawe na ustahimilivu, yakigonga msumari kwenye ubao yasimeguke. Huwezi kumwachia mtu kazi hii ukaenda kunywa chai. Ukichelewa kidogo tu, rangi imepita na unaanza upya.

Mpini ni wa mkole, umekaushwa kivulini, nyuzi zake zimenyooka toka kwenye tundu la kichwa hadi kwenye kishikio. Mti wenyewe niliuchagua mimi, nikauchonga mimi, nikaupaka mafuta ya kitani mimi. Hakuna duka Tanzania hii linalouza kitu hicho. Leo makali yamejikunja kona ya juu na mpini umepasuka kuanzia kwenye kabari kushuka chini. Kunyoosha makali naweza. Mpini ule hauna dawa, ni wa kutupwa.

Zege! Mtu anayerusha shoka halirushi ukutani hata kwa bahati mbaya. Mtoto tunayemfundisha kurusha, somo lake la kwanza ni hilo: mbao laini, nyuzi zimesimama, na hakuna mtu mbele wala pembeni. Msimamizi wenu alirusha shoka ndani ya ofisi yenye abiria. Lingeweza kurudi likampiga mtu. Kama kulikuwa na mtu hatari pale ndani siku ile, si mimi niliyeshika risiti.

Alipoulizwa na askari akajitetea kwamba "hakuna mchezo wa hivyo duniani". Upo. Ulianza kupata sura yake ya sasa Toronto, Kanada, mwaka 2006, watu wakirusha mashoka uani kwa mtu, na tangu 2017 kuna World Axe Throwing League yenye kanuni za uzito, za mpini na za umbali. Lakini hata usingekuwepo, je, ni kazi ya mpokea vifurushi kuamua mteja acheze nini akitoka kazini? Mimi ni fundi mitambo, wiki nzima nazibua pampu za watu. Jumamosi nafua chuma. Sikumwomba ruhusa.

Kile kisu chenye mabawa matatu alichokiita "dude la kichawi" na kukisukuma kwa kalamu kama kitu kinachoambukiza, kinaitwa kpinga. Ni kisu cha kurusha cha Wazande wa kaskazini mwa Kongo. Kinarushwa kwa ubapa, kinazunguka, na kwa kuwa kina ncha pande kadhaa, hakichagui kitagonga kwa upande upi. Katika jamii kadhaa za Afrika ya Kati, visu vya aina hiyo vilitolewa hata mahari. Vya asili vimewekwa kwenye kabati za vioo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na Wazungu wanalipa kiingilio kuvitazama. Mimi, Mwafrika, nimekifua kwa mikono yangu kwa kufuata picha, nimekileta kwenye kaunta ya Waafrika wenzangu, nimeambiwa ni mchawi. Hilo limeniuma kuliko shilingi zozote.

Rungu hawakuligusa. Wasingeweza kuligusa, kwa sababu mlinzi wenu pale mlangoni ana la kwake kiunoni, na sime juu yake, na Wamaasai wanapanda mabasi yenu kila siku hivyohivyo, na ni haki yao. Basi mnieleze tofauti. Mwenye rungu anakaa kiti cha dirishani, mwenye shoka lililofungwa ndani ya boksi lenye stika yenu wenyewe anaitwa jambazi?

Narudi pale kaunta, kwa sababu mwanzoni nimepaeleza kwa haraka, na sitaki mtu aseme ilikuwa ni utani wa kazini.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye mtoto wa kike, sare ya shule. Msimamizi alipotamka "panya road", yule mama alimvuta mtoto nyuma yake, akanitazama. Mimi nina mvi. Nina mabinti wa umri wa yule mama. Hajawahi mtu kunitazama vile. Pale mlangoni wakaingia vijana wa bodaboda, mmoja akauliza, "Kakamatwa?" Neno moja hilo. Nikahisi miguu inaisha nguvu. Dada wa kaunta, yeye peke yake, akasema, "Kaka, acha, mzee ameandikisha, kila kitu kimo kwenye risiti." Msimamizi akamjibu, "We nyamaza, kauze tiketi." Ndipo akasema, "Ngoja tuone kama linakata," akarusha. Shoka likagonga zege, likadunda, likaburuzika sakafuni likaishia karibu na begi la abiria. Watu wakaruka. Yeye akacheka, na wapakiaji wawili wakacheka naye. Nikasema, "Naomba shoka langu." Akasema, "Si hilo hapo, okota." Na mimi nikapiga magoti, Ndugu Meneja, nikaokota kazi yangu katikati ya miguu ya watu, mpini umepasuka mkononi mwangu, huku nyuma yangu wanaulizana kama polisi wameshaitwa.

"Okota." Mtu anayekula mshahara unaotokana na nauli yangu.

Baada ya hapo nilikwenda Kigamboni kwa wenzangu waliokuwa wananisubiri na ubao wameshausimamisha, na sikurusha kitu. Nilikaa tu. Kesho yake nikapiga simu Moshi: "Hatuhusiki, ni watu wa Dar." Nikapiga Dar: "Mzigo ulipokelewa Moshi, waulize wao." Mna kampuni moja au mbili? Wakati wa kuchukua hela mlikuwa moja.

Kwa hiyo nimeghairi niliyoandika hapo juu. Siku 14 ni nyingi kwa jambo mlilolijua tangu siku ile ile. Nawapa siku saba kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii.

Shilingi 150,000 na nauli ya mzigo ziko palepale. Ila barua ya radhi ya kufungiwa kwenye bahasha sitaipokea. Nilidhalilishwa mbele ya abiria, basi niombwe radhi mbele ya abiria: kaunta ileile ya Mbezi, saa ya foleni, na msimamizi yuleyule, kwa sauti ileile aliyoitumia, aseme kwamba mzigo ulikuwa halali na umeandikishwa. Wewe au mwakilishi wako muwepo. Mimi nitafika na risiti. Nataka pia picha za kamera iliyo juu ya kaunta zitunzwe. Niliiona, taa yake ilikuwa inawaka. Zikija kupotea, nitajua zimepotezwa na nani.

Msimamizi huyo asirudi kwenye kitengo cha vifurushi. Mnaweza kumpeleka mnakotaka, lakini mzigo wa mtu asiguse tena. Na yule dada wa kaunta aliyesema ukweli, nikisikia ameguswa, amehamishwa au amepunguziwa zamu kwa ajili yangu, nitaiona kama kosa jingine na nitalifuatilia peke yake.

Siku saba zikipita bila jibu la maandishi, barua hii pamoja na picha za shoka na nakala ya risiti zitafika TCRA, waliowapa leseni ya vifurushi, na Baraza lao la Watumiaji. Nitafungua jalada polisi kwa uharibifu wa mali na kutishiwa maisha, na askari aliyeisoma risiti nitamtaja kuwa shahidi. Wakili nimeshaonana naye na ameniambia kumwita mtu jambazi hadharani kuna kesi yake na fidia yake, na fidia hiyo haitakuwa 150,000. Na abiria wenu nitawaeleza mwenyewe, stendi ya Moshi na kwenye mtandao, jina la kampuni likiwa zima, mpaka kila anayekabidhi boksi kwenye dirisha lenu aulize kwanza nani atalifungua huko liendako.

Shoka sijalitengeneza. Nimelihifadhi lilivyo, kwa ajili ya kielelezo.

Nasubiri jibu lako.

Mteja wenu, mwenye risiti,
Moshi.

Nakala:
Msimamizi wa Ofisi, Moshi
Dada wa kaunta, Mbezi (apewe mkononi, asomewe)
Wakili wangu