Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Ushairi wa Kiurdu

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu tusome ushairi wa Kiurdu wa karne ya 20, hasa upande wake wa falsafa na imani. Azimio limetekelezwa.

Muhammad Iqbal (1877–1938) alichukua sehemu kubwa ya vikao, na alistahili. Katika shairi la "Shikwa" (yaani Lalamiko), Mwislamu anamlalamikia Mungu waziwazi: tumelieneza jina lako bara na bahari, mbona neema zako zinashukia wengine? Baadhi yetu walisita kulisoma kwa sauti. Mwaka 1913 Iqbal alitoa jibu. Humo anayesema ni Mungu, na lawama zinamrudia mlalamikaji: mmerithi jina la wazee wenu, mwenendo wao mmeuacha. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha ushairi huu. Anayelalamika kwa Mola wake hajamkimbia. Yu karibu naye kuliko anayenyamaza kwa mazoea.

Mjadala mkali zaidi uliletwa na shairi la Iqbal kuhusu msikiti wa Cordoba, Hispania, alioutembelea mwaka 1933. Waliolelewa na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla juu ya kuanguka kwa mji wa Pate, waliikumbuka Pate mara moja, na madaka ya sahani yaliyogeuka malalo ya ndege. Sikubaliani na waliosema wosia wa mashairi haya mawili ni mmoja. Sayyid Abdalla anauonya moyo wake usidanganyike na dunia. Iqbal naye anakiri kwamba mfululizo wa siku na usiku hufuta kila kitu, ila anaibakiza kazi ya mja iliyofanywa kwa ishki. Tofauti hiyo ni kubwa, na ningependa tuirudie.

Mshairi N. M. Rashid tulimpitia haraka mno. Katika shairi lake, mfinyanzi Hasan, aliyeuacha udongo miaka 9 kwa sababu ya mapenzi, anauliza muumba anabaki nani pale anapoacha kuumba. Swali hilo halitoshi jioni moja.

Mshairi Faiz Ahmed Faiz alikuwa mfuasi wa Marx, lakini shairi lake la 1979 lijulikanalo kama "Hum Dekhenge" (Tutaona) limechukua anwani yake kutoka Sura ya Ar-Rahman, na ndani yake inasikika kauli ya Hallaj, yule Sufi, "Ana'l-Haqq" (Mimi ndiye Haki). Watawala wataondolewa vitini, litabaki jina la Mungu. Huwezi kuitenga imani na siasa hapo bila kuliua shairi. Ni huyuhuyu aliyeandika, akiwa gerezani Montgomery, Pakistan, mwaka 1955, wito wa kuiita Afrika isimame. Inasikitisha kwamba wengi wetu hatukuwa tumewahi kuusikia.

Hesabu atazisoma mweka hazina.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Rashid apewe vikao kamili, na mshairi Miraji aongezwe, kwa jinsi alivyochota katika bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, ya Wahindu. Tunaomba pia wanaosoma Kiurdu wajitolee kutusomea asili kabla ya tafsiri, maana mizani yake haisikiki kwa Kiswahili. Wanaokubali wampe katibu majina yao leo, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.