Kabla ya kuhuisha leseni: vyeti vinavyokwama na masomo yanayomfaa mshauri wa ndoa

Cheti kina ua la dhahabu pembeni, jina limeandikwa kwa hati ya kupindapinda, na chini kuna sahihi mbili. Ukutani kinapendeza. Sasa kisome kama atakavyokisoma mtu anayekagua ombi lako la kuhuisha leseni: "Amehudhuria semina ya ndoa na familia, Machi 2025." Kwa saa ngapi? Nani alifundisha, na ana sifa gani za kufundisha washauri? Ulikwenda kama mshauri anayenoa kazi yake, au ulikwenda na mwenzio kama wanandoa wengine waliojaa ukumbini? Karatasi haijibu hata swali moja, na wewe hutakuwapo pale kuielezea.

Washauri wanaotujia kwa mafunzo hapa Kisumu, wa mjini na wanaotoka Siaya, Busia na Kakamega, mara nyingi wamesoma vya kutosha mwaka mzima. Kinachowakwamisha ni ushahidi.

Leseni hutolewa na Bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na mshauri wa ndoa na familia yumo humo pamoja na wenzake. Idadi ya pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), ada na tarehe ya mwisho visome kwenye tangazo la Bodi la mwaka unaohuisha, usitegemee picha inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp tangu mwaka juzi. Tunasisitiza hili kwa sababu mitandaoni zinauzwa kozi nyingi za Marekani zinazotaja masharti ya kwao. Kule California, kwa mfano, tabibu wa ndoa na familia ana leseni yake ya peke yake, na hutakiwa saa 36 za mafunzo kila miaka 2, saa 6 kati ya hizo zikiwa za sheria na maadili. Kozi ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana, lakini usichukulie kwamba idhini ya kule inakupa pointi huku. Kabla ya kulipa dola, iandikie Bodi barua pepe, taja jina la kozi, mtoaji wake na idadi ya saa, kisha jibu utakalopata ulihifadhi pamoja na cheti.

Cheti kinachojitetea chenyewe kina jina lako kama lilivyo kwenye leseni, namba yako ya usajili, mada kamili, tarehe, muda, jina na sifa za mkufunzi, jina la mtoaji na namba ya cheti. Kwenye muda ndipo wengi huteleza. "Siku moja" haitoshi. Darasa lililoanza saa tatu asubuhi likaisha saa kumi jioni, na saa moja ya chakula katikati, ni la saa 6, si 7, na cheti kiseme hivyo. Ambatanisha ratiba ya siku pia. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha ulilipa tu, hauonyeshi kwamba ulikaa darasani.

Masomo ya mtandaoni yana matatizo yake, na mengi ni ya kuepukika. Programu ya mkutano hurekodi jina la kifaa, dakika ya kuingia na dakika ya kutoka. Ukiingia na simu ambayo hujaiwekea jina lako, ripoti itaandika aina ya simu. Umeme ukikatika mara mbili, utaonekana umeingia mara tatu, pengine kwa majina mawili tofauti ikiwa ulihamia simu ya mtu mwingine, na mwandaaji atashindwa kujumlisha dakika zako. Na wakiketi washauri wawili mbele ya kompyuta moja, ripoti humhesabu mmoja. Kwa hiyo badilisha jina kabla hujabofya kuingia, tumia barua pepe ileile kila mara, na kila mtu aingie kwa kifaa chake hata kama mmekaa chumba kimoja. Mtandao ukikuangusha, mwandikie mwandaaji siku hiyohiyo. Ukimwandikia Desemba, huenda ripoti imeshafutwa.

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe, maana pointi zinaweza kujaa na mteja asione tofauti yoyote. Ushauri wetu ni huu: fungua daftari la kesi zako za miezi sita iliyopita, uangalie ulikwama wapi. Hapo ndipo pa kuweka saa zako.

Chukua mchoro wa ukoo, ile jenogramu tuliyofundishwa chuoni. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya X ndani ni aliyefariki, mkato mmoja kwenye mstari wa ndoa ni kutengana na mikato miwili ni talaka, watoto hupangwa kutoka kushoto, mkubwa kwanza. Mifano mingi ya vitabuni ni ya mume, mke na watoto wawili. Halafu anakuja mteja ambaye baba yake ana wake watatu, mikayi, nyachira na reru (kwa Kijaluo, mke wa kwanza, wa pili na wa tatu), kila mmoja na nyumba yake na watoto wake, na mchoro unageuka msitu. Katika darasa letu tunaweka mraba wa baba juu katikati, kila mke anapata mstari wake wa ndoa wenye mwaka, na watoto wananing'inia kwenye mstari wa mama yao, kamwe si kwenye mstari mmoja mrefu wa baba. Ukikosea hapo, ugomvi wa shamba kati ya nyumba mbili utausoma kama wivu wa ndugu wawili. Na mjane aliyerithiwa? Mume wa kwanza anabaki na X yake, shemeji anapata mstari mpya, na watoto waliozaliwa baadaye, ambao kimila huhesabiwa kuwa wa marehemu, tunawawekea pia mstari wa nukta kwenda kwake. Mteja akiona familia yake imechorwa kama anavyoijua, huanza kuzungumza.

Somo la pili ambalo hatumruhusu mtu kulikwepa ni ukatili wa nyumbani. Mazoea ya kuwaketisha wanandoa pamoja tangu dakika ya kwanza yanaweza kuua. Mke akisema mbele ya mume kwamba hupigwa, atalipa akifika nyumbani. Akinyamaza, wewe utafundisha mawasiliano mema kwa watu ambao mmoja wao anaogopa kufa. Muone kila mmoja peke yake kwanza, uulize kwa maneno ya wazi: "Amewahi kukushika shingo ukashindwa kupumua?" Kukabwa shingo ni miongoni mwa dalili nzito kabisa za hatari ya kuuawa, hata kama hakuna alama ya kucha. Tunafundisha chombo cha kupima hatari alichokitoa Jacquelyn Campbell, nesi na mtafiti wa Marekani, mwaka 1986. Leo kina maswali 20, na huanza na kalenda ambayo mwanamke huweka alama siku alizopigwa mwaka uliopita. Wengi hushtuka wenyewe wakiiona. Mwisho wa somo kila mshauri awe anajua Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inavyomwezesha mtu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, namba 1195 ya ukatili wa kijinsia na 116 ya watoto, na kwamba aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72.

Sheria nyingine hubadilika tukiwa kazini. Bado tunasikia washauri wakiwaambia wanandoa kwamba wakiachana watagawana mali nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema haiwi hivyo moja kwa moja. Kila upande unaonyesha mchango wake, na kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Mwezi huohuo iliweka masharti magumu kwa wanaotaka wale walioishi njoo-tukae, yaani pamoja bila kufunga ndoa, wahesabiwe kuwa mume na mke. Kuhusu watoto, Ibara ya 53 ya Katiba iko wazi: baba na mama wana wajibu sawa, wameoana au hawajaoana. Si kazi yako kuwa wakili, lakini usimpeleke mteja njia isiyo.

Jambo moja kuhusu kesi mnazoleta darasani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya ndoa na majina ya mke, mume, watoto na wazazi kuwa data nyeti, kwa hiyo karibu kila mstari wa faili la mshauri wa familia ni data nyeti. Badilisha majina, kijiji, kazi na idadi ya watoto kabla ya kuja. Hapa magharibi, ukisema "mwalimu mkuu wa Bondo mwenye mapacha", nusu ya darasa imeshamjua.

Gawa mafunzo yako kwenye robo za mwaka. Robo ya mwisho iachie dharura tu, maana Novemba na Desemba madarasa hujaa. Kila cheti kikifika, kipe jina linaloeleweka, kwa mfano 2025-03-15-ukatili-saa6, kihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe, na uandike nusu ukurasa: umejifunza nini, na kwa mteja yupi utabadilisha nini.

Madarasa yetu ni ya Jumamosi, yanaanza saa tatu asubuhi ili anayetoka Busia awahi bila kulala mjini. Mahudhurio husainiwa mara mbili, asubuhi na baada ya chakula, na anayeondoka mchana hupata cheti cha saa alizokaa. Unapojiandikisha tutumie jina lako lilivyo kwenye leseni pamoja na namba ya usajili. Cheti hutumwa ndani ya siku 3. Kikifika, linganisha jina na leseni yako herufi kwa herufi, na kama pana kosa tujulishe tukirekebishe kabla hujakiweka kwenye faili.