Barua kutoka Lubumbashi: twende Bunkeya

Lubumbashi, tarehe 9 Novemba

Ndugu yangu Espérance,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama Kapinga bado anauliza habari za sufuria yake. Nisamehe kwa kunyamaza miezi minne. Ninachoomba sasa ni kwamba, kwa kuwa utakuja Desemba, ufike kabla ya tarehe 20, maana siku hiyo Bayeke wanamkumbuka mfalme wao Msiri kule Bunkeya, nami sitaki kwenda peke yangu tena.

Najua utacheka kwamba hutoki Bukavu ili kuonyeshwa kijiji. Lakini kijiji hicho kilikuwa mji mkuu wa mtu aliyetoka Unyamwezi akifuata shaba, akabaki na kujenga ufalme uliouza pembe za ndovu, chumvi, shaba na, tusifichane, watumwa. Wageni waliofika kwake waliona mafuvu ya watu juu ya uzio.

Tarehe 20 Desemba 1891 watu wa msafara wa Stairs, waliokuja kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, walimfuata Msiri baada ya yeye kukataa bendera yao. Kapteni Bodson, mmoja wao, akampiga risasi, naye mwenyewe akapigwa akafa. Wazee husema kichwa cha Mwami Msiri kilikatwa kikachukuliwa. Mwaka jana mzee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya kidumu cha mafuta, aliwanyamazisha wajukuu wake kisha akaniuliza kama sisi wa mjini tunafundishwa kilipo. Mimi, mwalimu wa historia, nilibaki kuangalia viatu vyangu, ambavyo kwa kweli vilistahili kuangaliwa, kwa sababu ukiiacha lami ya Likasi wakati wa mvua ni matope matupu, na tulilisukuma gari nikiwa nimevaa vya misa.

Tangu hapo swali lake haliniachi. Linaniuma, na bado najiuliza kwa nini siku nzima sikusikia mtu akiuliza mafuvu yale ya uzioni yalikuwa ya akina nani. Nilitaka kumwambia mzee hivyo, lakini bukari, ugali wetu, ikaletwa, na mbele ya wenyeji wangu...

Je, kwenu Bukavu mnawafundisha watoto habari hizi? Ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Utakuja kwa ndege, au bado unaiogopa? Furaha anakuja nawe? Na sufuria, nimwambie nini Mama Kapinga?

Ni mimi rafiki yako,
Béatrice